Mgombea wa Ayalandi lazima ajue kubishana kwa Kiayalandi? Tuifungue hii ishu taratibu

Kuna kifungu kwenye katiba ya Ayalandi kila nikikikumbuka nacheka peke yangu. Ni kile cha umri wa mtu anayetaka urais. Ukisoma Kiingereza chake kinasema ni mtu aliyefikia mwaka wake wa 35, na ukihesabu vidole vizuri utaona mwaka wa 35 wa mtu unaanza siku anayotimiza 34. Ukisoma upande wa Kiayalandi, kinasema awe ametimiza 35 kamili. Sasa nani anashinda? Katiba yenyewe imeshajibu, maandishi mawili yakigongana la Kiayalandi ndilo linasimama. Yaani lugha ndiyo inayoamua nani anaruhusiwa kugombea, halafu hakuna popote panaposema mgombea mwenyewe aijue hiyo lugha. Mwaka 2015 walipiga kura ya maoni kushusha umri huo hadi 21, wananchi wakakataa kwa kishindo, kwa hiyo hiyo 35 iko pale pale hadi leo.

Kutoka hapo ndo unaanza kuelewa kwa nini kila uchaguzi ukikaribia wenzetu wanagombana kuhusu kitu ambacho kwa mtu wa nje kinaonekana kidogo tu: je, wagombea wafanye mdahalo kwa Kiayalandi? Na asiyeweza afanyweje?

Kabla sijaenda mbali niweke sawa neno. Nikisema Kiayalandi simaanishi Kiingereza cha lafudhi ya kule, namaanisha lugha yao ya asili, wenyewe wanaiita Gaeilge, haina undugu wa karibu kabisa na Kiingereza, ndugu zake ni lugha ya Waskoti wa milimani na kwa mbali Kiwelshi. Katiba ya 1937 inaitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, Kiingereza kinatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Kwenye makaratasi. Mtaani mambo ni kinyume, ukitembea Dublin siku nzima unaweza usisikie sentensi moja ya Kiayalandi nje ya matangazo ya treni, japo utaisoma kwenye kila kibao cha barabara. Na hata Mwayalandi asiyejua lugha hamwiti waziri mkuu wake waziri mkuu, anamwita Taoiseach (tamka "tishok"), bunge anaita Dáil, polisi anaita Garda. Lugha imebaki kwenye majina ya vyeo kama rangi kwenye mlango wa nyumba ambayo wenyewe walishahamia chumba cha nyuma.

Sasa lile swali limebeba maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na watu wanarushiana maneno kwa sababu kila mmoja anajibu la kwake. La kwanza ni uwezo: mgombea AWE na uwezo wa kubishana kwa Kiayalandi, kama sifa ya kazi. La pili ni nafasi: mgombea anayeweza, na mpiga kura anayeitumia lugha hiyo nyumbani kwake, wapewe NAFASI ya mdahalo kwa lugha yao. Mtu anaweza kukataa la kwanza na kukubali la pili bila kujipinga, ila huko kwenye komenti ukikataa la kwanza unaambiwa unaichukia lugha, ukikubali la pili unaambiwa unataka kuwalazimisha watu. Ndo maana hawamalizi.

Namba ni muhimu hapa kwa hiyo nivumilieni. Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,873,997 waliosema wanaweza kuongea Kiayalandi, hiyo ni kama asilimia 40 ya wenye umri wa miaka 3 na kuendelea. Mtu akiisoma haraka anasema basi mbona wengi, tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba zaidi ya nusu ya hao hao walisema hawaiongei vizuri, na wanaoiongea kila siku nje ya darasa walikuwa 71,968 tu. Kati ya hao wa kila siku, kama 20,000 wako kwenye maeneo ya waongeaji yanayoitwa Gaeltacht, vipande vipande vya pwani ya magharibi zaidi, Conamara, Gaoth Dobhair huko Donegal, Corca Dhuibhne huko Kerry, na waliobaki, ambao ndio wengi, wametawanyika kwingineko. Na hakuna mtu mzima pale asiyejua Kiingereza. Hilo lishike, tutalihitaji.

Walifikaje hapo? Hawakuamka asubuhi wakaamua kuacha lugha ya bibi zao. Mwaka 1737 ilipitishwa sheria mahakamani iwe Kiingereza tu. Shule za serikali za kuanzia 1831 zikafundisha kwa Kiingereza, na kulikuwa na kijiti kinaitwa bata scóir, mtoto anavishwa shingoni, kila akiongea Kiayalandi anachorwa alama, jioni viboko kwa hesabu ya alama. Waliosoma shule zetu hawahitaji kuelezwa zaidi, kile kibao cha aibu cha kuvaa ukikamatwa unaongea kilugha ni mjukuu wa kijiti hicho hicho, tofauti ni kwamba wao walifanyiwa na jirani wa ng'ambo ya maji kidogo tu, Uingereza. Halafu ikaja njaa kubwa ya kuanzia 1845, viazi vikaoza, watu kama milioni moja wakafa na wengine idadi kama hiyo wakapanda meli, na njaa ilipiga vibaya zaidi kule kule magharibi kwenye waongeaji. Mzazi aliyebaki akijua mwanawe ataishia Boston au New York, angemfundisha lugha gani?

Kwa hiyo walipodai uhuru, lugha ilikuwa ndani ya dai lenyewe. Bunge lao la kwanza, 21 Januari 1919, lilikaa karibu lote kwa Kiayalandi, mbele ya watu ambao wengine hawakuwa wanafuata vizuri kinachosemwa. Baada ya uhuru serikali ikaingiza lugha kwa nguvu, shuleni lazima, kazi serikalini lazima, na mpaka 1973 ukifeli Kiayalandi ulikuwa umefeli cheti chote cha kumaliza sekondari hata kama hesabu una A. Mwaka uliofuata wakaondoa na sharti la ajira serikalini. Kuna wazee mpaka leo ukiwatajia hiyo lugha wanakumbuka fimbo na mtihani, si wimbo wala hadithi. Ukiwa unapendekeza sharti jipya kwa mtu yeyote, hata mgombea urais, unaongea na hao pia.

Sasa tuje kwenye midahalo yenyewe.

Februari 2011, nchi imefilisika, mabenki yameanguka, IMF na Ulaya wameshaleta mkopo wa kuokoa jahazi, uchaguzi uko mlangoni. Runinga ya Kiayalandi, TG4, ambayo ilianza 1996, ikaandaa mdahalo wa viongozi wa vyama vitatu vikubwa kwa Kiayalandi, wa kwanza wa aina yake kwenye TV: Enda Kenny, Micheál Martin na Eamon Gilmore, kwenye studio ya Baile na hAbhann huko Conamara. Waliongea kuhusu uchumi na kazi na mabenki kama wangeongea popote pengine, na maandishi ya Kiingereza yakawa yanapita chini ya skrini kwa wasiofuata. Wengi wanautaja mdahalo ule kama ushahidi kuwa inawezekana, na kweli inawezekana, ila angalia ulitegemea nini. Ulitegemea bahati. Viongozi wote watatu msimu ule walikuwa wanaiongea vizuri. Ukibadilisha mmoja tu akawa hawezi, mdahalo unakufa, au unaendelea na kiti kitupu, au unageuka kuwa mtihani wa mdomo ambapo mmoja anaeleza sera na mwenzake anatafuta kitenzi.

Na hapa kuna kitu watetezi wa lugha huwa hawapendi kukisema kwa sauti. Huyo huyo Enda Kenny, mwenye Kiayalandi fasaha, chama chake kwenye kampeni ile ile kilikuwa kinataka Kiayalandi kiache kuwa somo la lazima kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari. Wanafunzi waliandamana. Alishinda uchaguzi akawa waziri mkuu, na somo limebaki la lazima hadi leo, lakini pointi yangu ni kwamba kuijua lugha na kuitetea lugha ni vitu viwili. Kama ungepima wagombea kwa ufasaha tu, yeye angepata alama zote. Halafu mwanzoni mwa 2015, akiwa bungeni, mbunge Mick Wallace akamuuliza kitu, Kenny akamjibu kwa Kiayalandi, Wallace akasema sielewi, Kenny akaendelea kwa Kiayalandi. Wengine walipiga makofi, haki yake ya kikatiba, na ni kweli ni haki yake. Mimi nikajiuliza, hapo lugha imetumika kuongea au imetumika kufunga mlango? Kuna tofauti, na mtu wa Gaeltacht anayetaka majibu kuhusu hospitali hafaidiki na ya pili.

Upande wa pili yuko Joe McHugh. Julai 2014 walimteua waziri mdogo wa mambo ya Gaeltacht, yaani waziri wa wale waongeaji wenyewe, na jamaa lugha haijui ya kutosha. Fikiria waziri wa uvuvi anayeugua bahari. Kelele zikawa nyingi, na hasira ilikuwa na historia maana miezi michache kabla, Kamishna wa Lugha Seán Ó Cuirreáin alikuwa ametangaza kujiuzulu akisema serikali haiko siriazi. McHugh akafanya nini? Akaenda darasani, huko Gleann Cholm Cille, mtu mzima na cheo chake, akakaa na wanafunzi wengine akajifunza, akaendelea kujifunza, na baada ya muda akawa anafanya kazi na interviu kwa lugha hiyo. Wale wale waliomsema wakampa heshima yake. Wana msemo wao, Is fearr Gaeilge bhriste ná Béarla cliste, Kiayalandi kilichovunjika ni bora kuliko Kiingereza cha werevu. McHugh aliuchukua msemo kwa maana yake halisi.

Juu yake kwenye wizara ile alikuwepo waziri kamili, Heather Humphreys, naye lugha haikuwepo. Miaka 11 baadaye, Oktoba 2025, Humphreys ndiye mgombea urais, na mpinzani wake mkuu ni Catherine Connolly, aliyewahi kuongoza kamati ya bunge ya lugha ya Kiayalandi na anayeiongea bila shida. Mgombea wa tatu, Jim Gavin, alijitoa katikati ya kampeni japo jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura. Humphreys akasema atajifunza. Watu wakamkumbusha 2014. Connolly akashinda kwa asilimia 63 za kura halali, akaahidi Kiayalandi kitakuwa lugha ya kazi Ikulu. Sasa jamani tusidanganyane, hakushinda kwa sababu ya lugha peke yake, kulikuwa na hasira za uhaba wa nyumba, kulikuwa na vyama vya kushoto vilivyoungana nyuma yake, na kura zilizoharibika zilikuwa zaidi ya 200,000, ambayo nayo ni stori yake. Ila lugha ilimpa kitu ambacho mpinzani wake hakuweza kukinunua wiki sita za kampeni.

Kuna jambo lingine kuhusu Humphreys linafanya hii ishu isiwe nyepesi. Ni Mpresbiteri kutoka Monaghan, mpakani na Ayalandi ya Kaskazini. Kwenye jamii za Waprotestanti wa mpakani na kule kaskazini lugha hii ilishapakwa rangi ya siasa, kwamba ni ya "wale". Novemba 2014 mbunge mmoja wa upande unaotaka Ayalandi ya Kaskazini ibaki chini ya Uingereza, kwenye bunge la kule Belfast, Gregory Campbell, alisimama akaikejeli salamu ya Kiayalandi wanayotumia wenzake kumshukuru spika, akaigeuza kuwa maneno ya mtindi na mchuzi wa kari, akafungiwa kuongea bungeni siku moja. Ile sheria ya 1737 ya mahakama ilikuja kufutwa kule kaskazini kwa sheria ya 2022 tu. 2022! Kwa hiyo ukisema rais lazima ajue Kiayalandi, kuna raia unaowaambia mlango huu si wenu. Jibu la haraka ni kwamba rais wa kwanza kabisa, Douglas Hyde, 1938, alikuwa Mprotestanti na ndiye mmoja wa walioanzisha chama cha kufufua lugha mwaka 1893. Jibu zuri, nalipenda, ila Hyde mmoja hafuti miaka yote iliyofuata. Mwaka 1973 Erskine Childers, naye Mprotestanti, alikula kiapo cha urais kwa Kiingereza kwa sababu Kiayalandi kilikuwa kinamgomea mdomoni, na nchi haikuanguka. Ongeza na ukweli kwamba mmoja kati ya watano wa wakazi wa leo alizaliwa nje ya nchi, wengine waliingia shule wakiwa wakubwa wakasamehewa somo. Hao nao wana watoto watakaogombea.

Watu wanapenda kuleta mfano wa Canada, eti mbona kule kiongozi lazima afanye mdahalo kwa Kifaransa na Kiingereza. Ni kweli, na waziri mkuu wao Mark Carney mwaka 2025 alitokwa jasho kwenye Kifaransa chake mbele ya nchi nzima, na mdahalo wenyewe ulianzishwa mapema kuliko ilivyopangwa ili usigongane na mechi ya hoki ya timu ya Montréal, vipaumbele hivyo. Lakini Canada hakuna sheria inayosema hivyo. Kinachomlazimisha kiongozi ni kura. Québec ina mamilioni wanaoishi kwa Kifaransa, wengi Kiingereza hawakijui vizuri, usipowaongelesha lugha yao hawakuelewi na hawakupi viti. Ayalandi hilo shinikizo halipo, ndo maana nilisema lishike lile la Kiingereza. Mdahalo wa Kiayalandi haumpi mpiga kura yeyote taarifa ambayo asingeipata kwa Kiingereza. Unampa kitu kingine.

Kitu gani? Hapa ndo naona watetezi wenyewe wanajiharibia kwa kuongea sana kuhusu roho ya taifa. Sikiliza redio yao, Raidió na Gaeltachta, iko hewani tangu 1972. Watu wanauliza kibali cha kujenga kwenye shamba la baba kinanyimwa wakati nyumba za likizo za watu wa mjini zinajaa kijijini, na kijana akihamia Galway au Dublin lugha inahama naye inafia kwenye fleti ya kupanga. Wanauliza daktari anayeongea lugha ya bibi yupo wapi. Maswali hayo kwenye mdahalo mkubwa wa Kiingereza hayafiki, yakifika yanapewa nusu dakika mwishoni, "na vipi kuhusu lugha?", kila mtu anasema anaipenda. Kwenye mdahalo wa Kiayalandi maswali hayo ndiyo yanakuja mbele, kwa sababu anayeuliza anaishi humo. Na vyama vinajua, ndo maana mara nyingi vinatuma kwenye vipindi hivyo yule mbunge wao mwenye lugha, awe wa kilimo au wa michezo, ajibu kila kitu hata kama si idara yake. Mwongeaji anapata msemaji badala ya mwenye maamuzi.

Sisi tunaoangalia kutoka huku tuna kioo chetu. Kenya katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni rasmi sawa na Kiingereza, lakini midahalo ya urais ya 2013, 2017 na 2022 ilienda zaidi kwa Kiingereza, halafu kesho yake mgombea yule yule yuko juu ya gari uwanjani anashusha Kiswahili na kilugha kutafuta kura. Na Kenya walishajaribu amri: Julai 1974 bunge likageuzwa la Kiswahili ghafla, wabunge wakabaki wanajadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza, wengine waliokuwa moto kwenye mijadala wakanyamaza kama wamemwagiwa maji. Miaka michache baadaye Kiingereza kikarudi rasmi. Tofauti yetu na wao ni kwamba Kiswahili ndicho kinacholeta kura. Mwanasiasa wa Ayalandi anaweza kumaliza maisha yake yote ya siasa kwa yale wanayoita cúpla focal, maneno mawili matatu, anafungua hotuba nayo, watu wanapiga makofi, anahamia Kiingereza.

Msimamo wangu? Sharti la kisheria hapana. Litazaa walimu wa kukariri na wagombea wanaosoma majibu waliyoandikiwa, litawatoa watu wa mpakani na wahamiaji, na litaamsha kumbukumbu za fimbo. Lakini kutoka hapo kwenda kusema basi tusifanye mdahalo kwa sababu mmoja hawezi, hapo nagoma. Hiyo ina maana mgombea mmoja asiyejua ana kura ya turufu juu ya lugha rasmi ya kwanza ya nchi. Mdahalo uwepo, tarehe ijulikane miezi mapema, maandishi yapite chini ya skrini kama 2011, asiyejua aje na vifaa vya mkalimani masikioni ajibu kwa kile alicho nacho, akianza kwa Kiayalandi kibovu akamalizia Kiingereza sawa tu, na asiyetaka kabisa kiti chake kibaki wazi watu wakione. Mwongozaji apewe kazi ya kuwabana kwenye majibu, ufasaha wao si kazi yake.

Kuna wanaosema hiyo nayo ni kuaibisha watu. Kidogo, ndiyo. Ila serikali yenyewe imejiwekea sheria kwamba ikifika mwisho wa 2030 asilimia 20 ya wanaoajiriwa kwenye utumishi wa umma wawe wanaimudu lugha hiyo. Kijana wa Donegal anayeomba kazi ya kukaa dirishani anaambiwa Kiayalandi chake kinahitajika. Anayeomba kumwongoza huyo kijana na dirisha lake anaombwa aje studio saa moja na nusu, na mkalimani analipiwa.